Meseji iliyofika Matembwe kabla ya mama: yaliyonikuta nikijiandaa kuzindua app yetu

Wakuu, kamwene.

Kwa wasio wa kwetu, hiyo ndiyo salamu ya huku Njombe. Ukiitikia tu umeshakuwa ndugu.

Nina jambo limenikaa kifuani, nimeona nilimwage hapa mapema kabla mwenzangu Kelvin hajalisimulia kwa njia yake. Nitalisema lilivyo, pamoja na sehemu ninazoonekana mjinga. Anayedhani natia chumvi aende Matembwe akaulize, kule hakuna asiyeijua habari hii.

Iko hivi.

Mimi na Kelvin tunajenga startup ya wakulima. Yeye ni developer, mimi ndiye mdomo wa kampuni, na wanaonijua wanajua nafasi hiyo sikuipata kwa upendeleo. Tumepanga fremu Makambako, karibu na stesheni ya treni. Tuliichagua Makambako kwa sababu ni njia panda, watu wa Mbeya, Iringa na Njombe wote wanapita pale.

App yetu inahusu mgowe.

Mgowe ni ule utaratibu wetu wa kulimiana. Leo kijiji kinaingia shambani kwako, unatupikia, tunalima, tunakula, tunaimba. Siku nyingine mnaingia kwangu. Hakuna kulipana, ila ukiitwa unaenda.

Sasa mimi nilikuwa naona shida moja. Mwenye shamba akitaka kuita mgowe lazima apite nyumba kwa nyumba kwa miguu. Na kila nyumba wanamkalisha, wanamuuliza habari za mifugo, za watoto, mpaka za marehemu. Siku inaisha hajamaliza hata upande mmoja wa kijiji.

Nikamwambia Kelvin hii ndiyo problem, na solution ni button moja. Unabonyeza "Alika wote", kijiji kizima kimealikwa, wewe unaendelea na kazi zako. Kelvin alipiga meza mpaka chai ikamwagika kwenye laptop. Tukajiona tumeshatoboa.

Kilichobaki ilikuwa pilot, yaani majaribio, kabla ya launch. Hapo ndipo nilipomkumbuka mama.

Mama yangu ni mtu wa Matembwe, huko Lupembe. Alianguka akavunjika mguu, akafanyiwa operesheni, nikamchukua nikamuuguza kwangu Mjimwema, hapa Njombe mjini. Akakaa msimu mzima. Alikuwa anakunywa dawa zake bila ubishi, lakini kila mvua ikinyesha anasimama dirishani na fimbo yake anaangalia tu nje. Nikimuuliza anaangalia nini, anasema, "Naangalia mvua inayonyesha bure."

Msimu huu akasema anarudi kwake. Mbegu za viazi zimeshaota macho stoo, zisipoingia ardhini zinaoza.

Nikamwambia, "Sawa mama, tutaita mgowe."

Akajishika mguu. Baadaye akasema, "Nitamwita nani, mwanangu? Msimu mzima wamelimiana, mimi sikwenda kwa mtu. Na huu mguu hauna faida, nikiitwa kesho sitaweza kushika jembe. Wana haki ya kunisahau."

Wakuu, mama yangu si mtu wa kulalamika. Kumsikia anasema vile kuliniuma sana. Lakini kichwa changu kilikuwa kwenye launch, nikaona hapohapo Mungu ametuletea mteja wa kwanza.

"Usijali," nikamwambia. "Simu itawaita."

Akaniuliza, "Itawaambia nini?"

Nikamjibu, "Kila kitu."

Kelvin akabonyeza. Meseji ikaenda kwa watu wote wa kitongoji chetu: "Umealikwa kushiriki mgowe wa kupanda viazi. Jibu 1 kuja, 2 kutokuja." Siku yenyewe nayo ilikuwemo, na jina la mama. Kwenye dashboard meseji zote zikaonyesha zimefika. Hakuna aliyejibu, lakini mimi nikasema hawa ni watu wa kijijini, watajibu kwa miguu.

Mimi na mama tulifika Matembwe jioni ya siku iliyotangulia mgowe. Nikaenda kuazima masufuria ya kanisani, yale makubwa ya harusi. Alfajiri tukapika makande na maharage. Togwa tulikuwa nayo ndoo nzima. Mama alivaa kitenge chake kizuri, akafunga kilemba, akakaa mlangoni na fimbo mapajani.

Ukungu ulikuwa mzito. Kila kivuli kikipita barabarani mama ananyanyua kichwa. Mara ni mtu na ng'ombe wake. Mara ni wanafunzi.

Jua likatoka. Ukungu ukaondoka, barabara yote ikaonekana, tupu.

Nyie, kuna ukimya wa chakula kingi kisicho na mlaji. Sitamani mtu aupate.

Mama hakulia. Alisema tu, "Funika masufuria, mwanangu, inzi wasiingie." Halafu akafungua kilemba chake taratibu, akakikunja vizuri, akakiweka pembeni.

Mimi ndiye niliyelia. Nilienda nyuma ya jiko nikalia kwa kwikwi, halafu hasira zikanipanda, nikatoka mbio kwenda kwa Mama Vumilia.

Mama Vumilia ni jirani yetu, nyumba ya pili tu. Ndiye anayeanzisha nyimbo za kwaya, akicheka unamsikia ng'ambo ya mto. Yeye na mama walikuwa hawaachani. Nikamkuta uani anapukuchua mahindi.

Sikusalimia hata. "Hata wewe, Mama Vumilia! Mama amekaa pale mlangoni toka alfajiri. Hata wewe?"

Akaacha mahindi. "Kamwene kwanza," akasema.

Ikabidi niitikie.

"Mama yako yupo?" akauliza.

"Kwani hujui? Si mmetumiwa meseji!"

"Haa! Ile?" Akatoa simu kwenye kibindo akainyanyua kama anamshika panya mkia. "Hii inaniambia nichague moja au mbili. Mimi nimchagulie mama yako moja au mbili? Amekuwa kura?"

Kidogo nicheke.

Akaendelea, sasa sauti imeshuka. "Wengine walisema matapeli. Mimi jina nililiona, nikajua ni yeye. Mtoto wangu, nilikaa na simu hii nikasema, kumbe. Tumemwombea kanisani huyu mama. Shamba lake tumelifukuzia ng'ombe msimu mzima. Leo anarudi, hata kuniita mwenyewe hataki, anatuma namba. Nikasema basi, Mjimwema imemchukua, ametuacha."

Nikakaa juu ya kinu.

Kumbe meseji yangu ilifika kijijini kabla mama hajafika. Kabla hawajamwona anavyotembea, kabla hawajampa hata pole. Mama anaamini wamemsahau. Wao wanaamini amewaacha. Na katikati nipo mimi na button yangu.

Nikamweleza kila kitu. Mguu, fimbo, aibu ya mama, jinsi alivyosema wana haki ya kumsahau. Mama Vumilia akajifuta macho kwa upindo wa khanga, halafu akanisonya sonyo refu la haki.

"Chakula kipo?"

"Kipo."

"Basi makande hayatalala. Kama yeye hawezi kutembea, kuna pikipiki. Mpakie, tumpeleke akaite watu wake."

Wakuu, msafara ule ningeupiga picha ningekuwa milionea. Mbele bodaboda inatambaa, mama kakaa upande, kilemba kimerudi kichwani, fimbo kaishika kama askofu. Nyuma mimi na sufuria la makande kichwani, jasho linatiririka. Nyuma yangu Mama Vumilia na ndoo ya togwa, anaimba.

Kila nyumba mama anapiga hodi mwenyewe.

Nyumba ya kwanza walitoka mikono imejaa unga, wakasahau kunawa, wakamkumbatia hivyohivyo. Nyumba nyingine mzee mmoja alimwangalia tu, akasema, "Umekonda," akaingia ndani akarudi na kiti. Kila mahali tunakaa. Wanaushika mguu wake, wanauliza mshono uko wapi. Wanampa habari za waliozaliwa na waliozikwa wakati hayupo. Kuna mahali walilia pamoja kabisa, kwa sababu alikuwa hajui kuwa mwenzake wa kipaimara alishafariki.

Zile habari za ng'ombe mpaka za marehemu. Hicho ndicho nilichokuwa nimeita problem.

Mwishoni mwa kila nyumba mama anasema kwa aibu, "Nina shamba. Lakini nawaambia ukweli, mimi kwenu sitaweza kuja kulima."

Mama Vumilia alichoka kuyasikia hayo. Kwenye nyumba ya mwisho akamkatiza: "Utakuja utakaa! Tutapika, utatuonjea chumvi. Kwani mwenye kuonja chumvi hafanyi kazi?"

Mama akacheka. Sikumbuki mara ya mwisho kumsikia akicheka vile, kule Mjimwema hakucheka hata mara moja.

Siku ya mgowe, ile mpya mama aliyowatajia, nilishtushwa na majembe. Walikuja kabla sijawasha hata moto. Walikuja mpaka watu wa kitongoji kingine ambao hatukuwaita, wamesikia tu. Mama alikaa juu ya gunia pembezoni mwa shamba, anagawa mbegu na kugombeza wanaopanda kwa kubanana. Mchana wakamletea upawa wa maharage kabla ya mtu yeyote kula. Akaonja, akafikiri, akasema, "Bado kidogo." Shamba zima likashangilia.

Nilirudi Makambako nikamwambia Kelvin tufute ile button. Alinuna, maana aliiandika kwa mapenzi. Nikamsimulia kama nilivyowasimulia nyie, akaifuta mwenyewe. Sasa app inakumbusha zamu ya nani imefika, mbegu ziko wapi, na jirani gani hajaonekana muda mrefu. Kuita, unaita mwenyewe. Tumechelewa launch kwa ajili hiyo na sijutii hata kidogo.

Nilichojifunza ni hiki: kabla hujaondoa usumbufu kwenye maisha ya watu, kaa kwanza uone huo usumbufu unawashikia nini. Sisi wa tech tuna haraka sana ya kumpunguzia mtu safari. Safari nyingine ndiyo yenyewe aliyokuwa anaitaka.

Juzi nimeenda Matembwe kumwalika mama kwenye uzinduzi. Ningeweza kupiga simu. Nikaenda, nikasimama mlangoni, nikabisha hodi.

"Kuna nini?" akashtuka.

"Nimekuja kukuita mgowe, mama. Makambako."

"Mimi? Hizo simu zenu nazijua?"

"Utakaa. Utatuonjea chumvi."

Macho yakamjaa. Halafu akageuka kuelekea nyumba ya pili, akapaza sauti kijiji kizima kisikie: "Mama Vumilia! Fua kitenge, tumeitwa!"

Haya wakuu, uwanja wenu. Semeni mmeonaje, na kama nawe una kitu ulikirahisisha mpaka ukakiharibu, usijifiche, simulia tucheke pamoja. Mlioko Makambako andikeni mnakaa mtaa gani tu. Sitawatumia meseji, nitakuja kubisha hodi.