Biro ya Hombo

Kashebere haina reli, na mimi sijawahi kuona treni kwa macho yangu. Lakini treni tunazo. Mvua ikiharibu barabara ya Walikale, malori hayathubutu kupita moja moja. Yanasubiriana, yanafuatana, lenye nguvu linavuta lililokwama kwa kamba ya chuma, na msafara wote huo tunauita treni. Hupita katikati ya makanisa mawili, letu la Wakatoliki upande wa mlima na la Waprotestanti upande wa bondeni. Jumapili, honi ya kwanza ikisikika, mahubiri ya pande zote mbili hufupishwa.

Wengine walitoka kutazama mizigo. Mimi nilitoka kumtazama mume wangu. Yeye ni dereva: hupeleka maharagwe ya Masisi hadi Hombo, hurudi na mawese na mbao, kisha hushuka mpaka Kirotshe, ziwani. Zamani nilisimama kwenye ngazi za kanisa kama mke yeyote, nikimpungia mkono. Mwaka jana nikaanza kusimama kama askari wa kizuizi cha barabarani.

Ilianza kwa neno moja. Treni ilifika bila lori lake. Nikamuuliza mwenzake, dereva wa lori la mbele, naye akanijibu huku akikagua matairi, bila kunitazama:

"Papa alibakia Hombo, Mama. Juu ya biro yake."

Asiye wa kwetu atauliza ubaya uko wapi. Biro ni ofisi, lakini kwetu mwanamke wa nje naye anaitwa biro. Mume humwambia mkewe kwamba kazi ilimchelewesha, na kazi yenyewe ina kitanda. Niligeuka nikawaona mama wa kwaya wakizungumza kwa sauti ya chini. Labda walikuwa wanapanga nyimbo, lakini siku ile sikuamini kwamba kuna wimbo unaopangwa kwa kunong'onezana.

Aliporudi sikumuuliza kitu. Mwizi haulizwi, anaviziwa. Nilichukua shati lake kwenda kulifua, nikalinusa kwanza, na kweli, lilikuwa na harufu ya verni. Verni naijua, wasichana wa mjini wanaipaka kwenye kucha. Nilimwona kabisa huyo wa Hombo, amekaa amenyoosha vidole, na mume wangu mtu mzima anapulizia kucha zikauke. Nililifua shati lile mpaka vifungo vikalegea.

Nilikuwa na hofu, na hofu yangu ilikuwa na sura mbili. Binti yetu alikuwa anaingia mwaka wa mwisho wa shule, na baba mwenye nyumba mbili huanza kusahau ile iliyomzoea. Ya pili naiandika kwa haya: nilikuwa nampenda mtu yule. Bado nilikuwa nasikia honi yake kati ya honi zote, na moyo wangu ulikuwa unaruka, hata ukiwa umejaa hasira.

Basi nikawa mlinzi. Kila mwanamke aliyeteremka kutoka juu ya magunia akitokea upande wa Hombo nilimtazama mikono kabla ya uso. Mmoja alikuwa na kucha nyekundu. Nikamfuata mpaka sokoni, nikasimama nyuma yake nikijidai nachagua mihogo, hadi mume wake alipokuja kumbebea mtoto. Nikarudi nyumbani na mihogo nisiyoihitaji, na sisi wenyewe tunalima mihogo. Hata hivyo sikutulia. Lisemwalo lipo, na kama halipo laja.

Jumapili moja, misa ikiwa inamalizika, treni ikaingia, na lori lake likiwa la mbele. Alisimama mbele ya kanisa, akaruka chini, akamwita binti yetu. Juu ya mbao kulikuwa na kitu kimefunikwa kwa turubai. Akafunua nusu. Ilikuwa meza ya kuandikia, ya mbao nyekundu, yenye droo, inayong'aa. Na meza hiyo nayo, kwetu, inaitwa biro.

"Mama, biro ya mutoto njo hii," akaniambia. "Fundi wa Hombo alinichelewesha sana. Verni ya mbao ilikataa kukauka juu ya mvua."

"Njo biro nilikuambia," akasema yule dereva mwenzake, akiwa hajui alichonifanyia.

Nilicheka mpaka nikakaa kwenye ngazi. Mama wa kwaya walicheka, na ng'ambo ya barabara Waprotestanti nao wakacheka bila kujua sababu. Binti yangu alikuwa anafungua droo na kuifunga. Nilimshukuru Mungu kwa sauti, nikaapa sitanusa shati tena.

Wapakuaji wakavuta turubai lote ili wapate nafasi ya kuishusha. Chini ya turubai kulikuwa na nyingine. Verni ileile, droo ileile, ila miguu yake ilikuwa mifupi zaidi.

"Hii ya pili tunaishusha pia, Papa?"

"Hapana. Ile inashuka Kirotshe."

"Ya nani?" nikauliza.

"Ya muntu," akasema, akaanza kuifunika mwenyewe, kazi ambayo dereva haifanyi hata siku moja.

Miezi yote hiyo nilikuwa natazama upande wa Hombo, na barabara inaendelea mpaka ziwani. Nikafungua mlango wa kabini nikapanda, na nguo zangu za misa.

"Uko naenda wapi, Mama?"

"Kirotshe. Biro ile iko na miguu mifupi. Nataka nione mutoto mwenye ataikalia."

Malori ya nyuma yakaanza kupiga honi, maana treni haiondoki la mbele likiwa limesimama. Mume wangu alikuwa bado matopeni, ufunguo mkononi, akinitazama kupitia kioo, na hakuna aliyekuwa anacheka.