Tulivyobeba atelier ya mama mkwe nzima nzima kupisha tuta la maji, Dzaleka

Wakuu, salamu kutoka Lilongwe. Hili ninalosimulia nilikuwepo, siyo la kuambiwa, na bega langu la kulia linaweza kutoa ushahidi.

Mi naishi Area 23, nauza viatu. Mama mkwe wangu, Mama Furaha, yuko kambi ya wakimbizi ya Dzaleka. Ni mtu wa Fizi, Kongo, mshonaji, na ukifika kwake umeshiba anachukulia kama dharau.

Ana atelier ya kushonea, kijumba cha mbao na mabati. Alikijenga marehemu mume wake, Papa Furaha, fundi seremala. Ilikuwa kazi yake ya mwisho kabla hajaugua. Humo mama anafundisha mabinti kushona.

Shida ni kwamba atelier ilikaa ukingoni mwa korongo. Kila mvua maji yalikula udongo, na msimu uliopita yaliingia kwa majirani wa chini, wakalala kanisani na watoto wao.

Watu wakakubaliana kujenga tuta la mawe kuzuia maji. Mstari wa tuta ukapita katikati ya atelier.

Kiongozi wa kazi, Bwana Kalisa, Mnyarwanda mpole sana, akamwambia, "Mama, tutabomoa, tutakujengea tena pale juu."

Mama akajibu, "Hizi mbao zimezeeka. Mukitosha misumari, mukiing'oa, zitapasuka. Na mwenye kuzigonga hayuko tena."

Hakugomba. Alirudi kwenye mashine yake akaendelea kushona. Lakini mke wangu alinipigia simu: mama hali chakula vizuri, na majirani wa chini wameanza kumkwepa. Mvua ilikuwa inakaribia.

Nikaenda. Nilimkuta amekaa mlangoni. Nikamwambia sijaja kumlazimisha.

"Najua," akasema. "Bale ba chini iko na batoto. Mi siwezi kulala batoto babebwe na maji sababu ya mbao zangu. Kesho babomoe."

Halafu akasema, kama anajiongelesha, "Kwetu mutumbwi unachongwa kule mulimani. Bantu banaubeba muzima mpaka ku ziwa. Hakuna mwenye kuukata vipande."

Wakuu, nilisimama pale pale nikaenda kumwita Kalisa, nikamwambia tuibebe nzima.

Alisikiliza, akaizunguka atelier, akagusa nguzo. "Tujaribu kona moja," akasema.

Tukachimba kuzunguka nguzo, tukafunga miti mirefu chini ya kuta. Tukainua kona. Ikanyanyuka na mabati yake, bila kulia.

Siku ya kuhama walikuja watu nisiowategemea. Wakongo, Warundi, Wanyarwanda, vijana wa kabaza, wale wa kubeba abiria, waliacha baiskeli zao, na Wamalawi wa kijiji jirani. Majirani wa chini ndio waliotangulia kufika.

Tukaingiza mabega. Mmalawi mmoja akawa anaita, "Tiyeni, pang'ono pang'ono," yaani twende, kidogo kidogo. Kina mama wakaimba wimbo wa kanisa.

Katikati ya mlima mti mmoja ukapasuka. Nyumba ikainama upande wangu, na wimbo ukakatika.

Mama Furaha akaja mbele yetu, sauti ya chini kabisa: "Musikimbie. Ba huku juu, mushuke kidogo. Njo vile, hivyo hivyo. Mungojee wenzenu."

Tukangoja. Wakaleta mti mwingine, nyumba ikanyooka, tukapanda.

Tulipoitua, mama aliingia peke yake akafunga mlango. Hakuna aliyemfuata. Alipotoka macho yalikuwa mekundu, akasema, "Hata musumari moja haujatoka." Kisha akatulisha nsima, ugali wa huku, na sombe ya majani ya muhogo mpaka tukashindwa kusimama.

Mvua zilikuja kubwa. Maji yalipiga tuta, yakageuka na korongo, na wale wa chini walilala kwao. Asubuhi mmoja wao alimletea mama kitambaa cha gauni, akamwambia ashone taratibu, hana haraka. Mama alimpima akicheka.

Funzo langu ni hili: ukitaka kumhamisha mtu, muulize kwanza ni nini hawezi kukiacha. Huenda mnaweza kukibeba.

Kama kuna mkuu amewahi kuhamisha jengo zima, aeleze walifanyaje. Na asiyeamini aje Dzaleka aulize kwa Mama Furaha, ila aje na njaa.