Dawa ya Magoti Niliyompa Baba Mkwe

Admin, ficha jina langu kabisa, maana Bariadi ni ndogo na tunajuana. Mimi ni mwanamke wa miaka 33, nimeolewa, nina watoto wawili, na nauza kwenye duka la dawa hapa mjini. Kazi hii nimeisomea, kwa hiyo sina pa kujificha.

Wakwe zangu wanalima pamba Nkoma. Baba mkwe ana kisukari cha muda mrefu, na mwaka jana aliambiwa moyo nao umechoka. Msimu wa kuvuna, mama mkwe, ambaye huniita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, alikuja dukani akasema, "Mayu, baba yako magoti yanamtesa, hawezi kuinama shambani. Mpatie dawa." Mteja mwingine yeyote ningemuuliza anatumia dawa gani, miguu inavimba, mkojo unatoka vizuri? Lakini huyu ni mkwe! Nilivyolelewa kwetu, mambo ya mwili wa baba mkwe huyaulizi, hata akikaa sebuleni napita nimeinama. Niliona aibu hata kumuuliza mkewe. Nikafunga diklofenaki, vidonge vya maumivu, nikampa. Zikamsaidia, mama mkwe akaagiza nyingine. Miezi miwili nikawa natuma bila mume wangu kujua, na sifa za mama mkwe nazipokea, mjinga mimi.

Kumbe mzee alikuwa anameza dawa za moyo na za kupunguza maji mwilini. Ukizichanganya na diklofenaki, figo zinakwisha na maji yanajaa. Hilo nalijua, nilifundishwa darasani. Akavimba mpaka usoni, pumzi ikawa ya shida, tukamkimbiza hospitali.

Daktari akatuuliza, "Figo zimeharibika sana. Nyumbani alikuwa anatumia kitu gani kingine?"

Diklofenaki sikuitaja. Mume wangu na ndugu zake wakamgeukia mama yao, "Ni mitishamba yako hiyo unayomchemshia!" Hakubisha. Tulipobaki wawili nililia, nikamwambia nitasema ukweli. Akanishika mkono, "Nyamaza, mayu. Wewe una ndoa na watoto wadogo. Mimi nimewazaa, watanifanya nini?"

Wamemfukuza. Wamempeleka kwa kaka yake huko Bukundi, hawataki hata aguse uji wa mumewe. Mzee tunaye hapa kwetu, na madaktari hawana jipya la kutuambia. Kila siku anamuulizia mkewe, tunamwambia yuko shambani. Naumia jamani, naumia sana.

Juzi mume wangu kanikabidhi mfuko wa dawa akasema, "Kuanzia leo dawa za baba utampa wewe tu. Humu ndani ni wewe peke yako ninayekuamini." Nikaupokea. Asubuhi na jioni nampa, na mzee ananishukuru.

Nikisema, ndoa yangu na kazi vyote vimekwenda. Nikinyamaza, mzee atakufa bila kumwona mkewe, na mama wa watu atazikwa na jina la muuaji. Msinitukane sana, nimeshajitukana vya kutosha. Niambieni tu, mngekuwa mimi mngeanza kwa kumwambia nani? Maana siku za mzee zinaisha.