Kayamba Chini ya Nyimbo Zote

Nilirudi Juba na begi moja la nguo na masanduku mawili ya vyombo vya muziki, na ukiniuliza ni kipi nilikilinda zaidi njiani kutoka mpakani Nimule, nitakwambia bila haya kwamba nguo zingeweza kuibwa zote. Nilikuwa nimelelewa Nakuru kwa shangazi yangu. Udijei nilijifunza kwenye sherehe za wanafunzi, kisha kwenye baa za Nairobi ambako ukikosea watu hawakusamehi hata kama ni binamu zako. Nilijiona nimeiva, na kwa kichwa changu cha wakati ule nilidhani Juba nzima inanisubiri mimi.

Aliyekuwa akinisubiri kweli ni dada yangu. Mimi nilipelekwa Kenya nikiwa na miaka sita, yeye akabaki na baba. Ninachokumbuka kabla ya hapo ni jiko letu, redio ikiwa dirishani, na dada akinisimamisha juu ya miguu yake miwili, nyayo zangu juu ya zake, akinizungusha huku na huku mpaka mchuzi unaungua. Kila hatua ya kucheza ninayoijua ilianzia juu ya miguu ile. Kwa hiyo usinicheke nikisema kwamba nilipokuwa nikipiga muziki Nairobi, nikawainua watu mia mbili kwa mara moja, nilikuwa nikijiambia: siku moja dada ataliona hili.

Hakungoja sana. Wiki chache baada ya kufika kwangu, mtoto wake mchanga alibatizwa, na sherehe ikafanyika mtaa wa Hai Malakal, kwenye ua wa wakwe zake, Jumapili mchana baada ya ibada. Huyo alikuwa mtoto wake wa pili. Wa kwanza, msichana wa miaka saba, alikuwa amefariki kwenye mapigano miaka miwili nyuma. Habari zilitufikia Nakuru kwa simu, kwa maneno machache tu: tumempoteza yule mkubwa. Shangazi alilia, tukaomba, na mimi, niseme ukweli wangu, wikendi ile nilikuwa na shoo na nilienda kupiga. Sikuuliza mtoto alikufaje, wala hakuna aliyeniambia.

Siku ya ubatizo nilianza kwa adabu. Nyimbo za injili zenye magitaa, kisha rumba kwa ajili ya wazee, kisha amapiano taratibu. Vijana wakaacha viti. Nikaongeza kasi kidogo kidogo, nikaingia afrohausi, ua ukachemka. Nikaona wakati wa kuonyesha ufundi wangu umefika. Kuna ujanja ambao kila dijei wa Nairobi anao: unapandisha, unapandisha, halafu unakata kila kitu. Kimya. Pumzi mbili tu. Watu wanapiga mayowe wakidai ngoma yao, nawe unawaangushia kitu kizito kuliko mwanzo. Mimi nilikuwa nimewaandalia gqom, muziki wa Durban, ambao ngoma zake ni kavu na zinagonga bila huruma.

Nikakata. Nikangoja pumzi mbili. Nikaangusha.

Hakuna aliyepiga mayowe. Nusu ya watu uani walikuwa wamejitupa chini. Dada yangu alikuwa akipita na sinia ya mandazi. Niliiona sinia ikiruka, nikamwona dada amelala kifudifudi, na chini yake kulikuwa na watoto wawili wa majirani ambao walikuwa wakicheza karibu naye. Waliobaki wima ni sisi tuliokulia Kenya na Uganda. Tulitazamana, mmoja akaanza kucheka, na mimi nikacheka. Nilicheka nikiwa na maiki mkononi. Nikasema, "Haki, sista, ni ngoma tu!" na kicheko changu kikatoka kwenye spika zote mbili.

Dada aliinuka, akawakung'uta vumbi wale watoto, akajikung'uta mwenyewe. Akaokota mandazi moja moja. Baadaye aliosha sinia na kuendelea kuhudumia wageni, na jioni nilipokuwa nafungasha nyaya alinifungia chakula kwenye bakuli, akaniambia, "Umepiga vizuri." Baada ya siku hiyo hakukanyaga tena mahali popote ninapopiga muziki.

Mimi nilinuna. Hiyo ndiyo tabia yangu, nikikosea huwa wa kwanza kununa. Nilikuwa nikimwalika kila mara: harusi hii, ufunguzi ule, Jumapili ya hoteli kando ya mto. Alijibu kwamba mtoto ana homa, au kuna kikao cha akina mama kanisani, au maji hayajaja. Alikuwa amehamia mtaa wa Gurei na mumewe, nami nikawaambia marafiki zangu kwamba siku hizi dada anajisikia. Nilisema hivyo kwa karibu mwaka mzima.

Aliyenifumbua macho ni mama mmoja Mganda mwenye duka karibu na chumba nilichopanga Gudele. Alikuwa ameishi mtaa ule kabla yangu, wakati dada yangu pia alipokuwa akiishi pale. Asubuhi moja niliingia kununua vocha, nikaanza kulalamika kama kawaida yangu. Alikuwa akipanga sabuni. Hakugeuka.

"Wewe hapana jua kitu," akasema. "Mimi iko na dada yako siku ile ya risasi. Sisi nalala chini, nyumba moja. Risasi nalia, nalia, yeye nashika mtoto chini, nasema lisa, lisa."

Lisa ni neno la Kiarabu cha Juba. Maana yake ni bado.

"Halafu kimya nakuja," akaendelea. "Kimya mingi. Sisi yote nafikiri imeisha. Dada yako nasema khalas, naachilia mkono. Mtoto iko na kiu, naamka, nakwenda mtungi." Akaipanga sabuni ya mwisho. "Ile kimya ilikuwa ya uongo. Na wewe, siku ya ubatizo mimi ilikuwa pale. Mimi nasikia kimya yako. Mimi nasikia wewe nacheka."

Nilitoka nikaiacha vocha mezani. Nilitembea bila kujua naenda wapi, na nilipofika barabara kuu nikajishika kichwa na kulia hadharani, bodaboda wakinitazama. Nilikuwa nimemtengenezea kimya kile kile. Nilikipima kwa sekunde, nikajisifu.

Utasema ningekwenda siku hiyo hiyo kumwomba msamaha. Nilikwenda. Nilikaa kwake Gurei, nikala, nikasifia mboga, tukaongea juu ya mvua na bei ya mkaa. Mdomo wangu mkubwa wa kwenye maiki ulikataa kufunguka. Nikaenda tena wiki iliyofuata, hali ikawa ile ile, na miaka ikaanza kupita tukiongea juu ya mvua.

Kilichobadilika ni mikono yangu. Niliacha kukata muziki. Nikaanza kuunganisha nyimbo polepole, wimbo mpya unaingia chini ya ule wa zamani ukiwa bado unaimba. Nyimbo mbili zikiwa na besi kwa pamoja spika zinakoroma, kwa hiyo unaipunguza besi ya huyu huku ukiiongeza ya yule, kidole kwa kidole, mpaka mchezaji anajikuta yuko kwenye wimbo mwingine na hajui aliingia saa ngapi. Marafiki zangu walisema nimezeeka. Walisema seti zangu hazina mshtuko.

Kisha mtoto yule wa ubatizo akafikia kumaliza nasari. Alikuwa anakaribia miaka saba. Dada alinipigia simu mwenyewe.

"Mtoto anataka umpigie muziki," akasema. "Hapa nyumbani."

Nilijifungia chumbani wiki tatu. Nilitaka saa mbili za muziki zisizo na tundu hata moja, na hapo ndipo nilipogundua nyimbo zina matundu mengi kiasi gani. Karibu kila wimbo wa kuchezwa una sehemu ambapo ngoma zinaondoka na kubaki pumzi tupu. Nilizikata zote. Hata hivyo haikunitosha. Mwishowe nilikwenda kanisani kwetu Gudele siku ya mazoezi ya kwaya, nikamwomba mama mmoja anipigie kayamba peke yake, nikamrekodi. Nikachukua mzunguko mmoja wa kayamba hilo, nikaufanya ujirudie bila kukoma, nikauweka chini ya nyimbo zote tangu mwanzo. Liwe jambo lolote juu, chini kayamba litakuwepo. Gqom sikuigusa kabisa. Ngoma zake zinafanana mno na kitu kingine. Badala yake nilitaka singeli ya Dar es Salaam, maana watoto wanaipenda, nayo ni muziki wa mbio. Singeli inakimbia karibu mara mbili ya amapiano, na ndiyo maana zinaelewana: pigo moja la huku linabeba mapigo mawili ya kule, na anayetaka kutembea anatembea, anayetaka kukimbia anakimbia.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi. Mtoto alikuja kutoka shuleni na joho lake la buluu na kofia iliyomwangukia machoni. Nilianza saa nane mchana, kayamba kwanza, kisha magitaa ya injili juu yake. Nilimtazama dada kuliko nilivyotazama mashine. Wimbo wa kwanza ulipoingia kwenye wa pili, alikuwa ameshika bega la mtoto. Rumba ilipoingia kwenye amapiano, bado alikuwa amelishika. Afrohausi ilipokuja juu ya amapiano, nikahesabu mapigo thelathini na mawili nikiwa nimebana pumzi, na nilipoinua macho mkono wake haukuwepo. Mtoto alikuwa katikati ya ua na wenzake.

Nikapandisha taratibu. Singeli ilipoingia watoto walipagawa, joho likawa linaruka kama pazia kwenye upepo, wageni wakasimama. Dada alitoka jikoni na sinia ya mandazi. Alipita mbele yangu. Mtoto akamdandia, akaweka viatu vyake vya shule juu ya miguu ya mama yake, mmoja kisha wa pili. Dada akasimama na sinia juu kwa mkono mmoja, akacheza. Alicheza mwendo wa polepole, chini ya ile mbio, mabega tu na magoti, na mtoto juu ya miguu yake. Sijui ilichukua muda gani. Machozi yalinizuia kuona mashine na nilikuwa nafanya kazi kwa kupapasa.

Nilikuwa nimepanga kila kitu isipokuwa kumaliza. Ni jambo la kijinga, lakini ndivyo ilivyokuwa. Saa kumi ilipofika niliteremsha kasi, nikarudi kwenye amapiano, nikarudi kwenye magitaa, nikaanza kupunguza sauti. Nikaona mkono wa dada ukitafuta bega la mtoto. Nikapandisha tena. Nikajaribu mara ya pili, ikawa vile vile. Wageni wakala, wakaaga, wakaondoka. Shemeji akaanza kukunja turubai akinitazama kwa kushangaa. Mimi napiga tu. Nyimbo zangu zikaisha moja baada ya nyingine, mpaka kikabaki kile nilichoanza nacho: kayamba peke yake, kwenye ua wa viti vitupu, na jua bado likiwa juu ya mapaa. Kidole changu kilikuwa kwenye kitufe na sikuweza kukibonyeza.

Dada alimtuma mtoto ndani akavue joho. Kisha akaja nyuma ya meza yangu, akavuta jerikani akaketi, akanivuta nami nikaketi kwenye sanduku langu.

"Nilikucheka," nikasema.

"Nilisikia," akasema. "Zima sasa."

"Siwezi."

Alinyoosha mkono, akazima mwenyewe.

Kimya kilishuka juu ya ua wote. Hata shemeji aliacha turubai. Nilitaka kusema kitu, nikataka kuinuka nianze kukusanya nyaya, kufanya chochote kile, na nilikuwa nimeshanyanyuka nusu pale nilipouhisi mkono wake ukinikandamiza begani, kwa nguvu ambayo sikujua anayo. Hakuwa akinitazama. Alikuwa akitazama upande wa jikoni, mahali mtungi ulipo, na mkono wake ukanirudisha chini mpaka nikakaa.

"Lisa," akasema. "Lisa."

Sikuinuka tena mpaka alipouondoa mkono wake.