Wanawake Saba Wasio na Majina

Nimeona wanawake saba wakipotea mbele ya macho yangu, mchana kweupe, na hakuna hata mmoja aliyetoka nyumbani kwake.

Ukidhani natia chumvi, kaa nikusimulie.

Nilikuwa mwaka wa mwisho, nasomea mifumo ya taarifa za afya. Ili uhitimu lazima ufanye mradi wa utafiti, na lazima uwe na msimamizi.

Wangu tulimwita Bwana Futa.

Unampelekea sura nzima, anairudisha ina neno moja kwa wino mwekundu: FUTA. Mwenzangu wa chumba alikuwa hoi kwa kicheko. "Shoga, huyo ukimtumia salamu za sikukuu, atafuta na sikukuu yenyewe."

Lakini kupindisha kanuni? Thubutu.

Zahanati iliyo jirani na chuo ilinipa nakala ya kumbukumbu za wanawake waliopimwa saratani ya shingo ya kizazi, nichunguze majibu yanawafikiaje. Kazi ya kwanza ilikuwa kuwaficha. Jina natoa, naweka namba. Umri nauingiza kwenye makundi. Tarehe nazisogeza huku na huko bila mpangilio.

Likabaki faili moja tu linaloonyesha namba ipi ni ya nani. Tuliliita ufunguo. Kamati ya maadili ilitaka lifutwe kabla sijaanza uchambuzi.

"Futa," Bwana Futa akasema, amesimama nyuma ya kiti changu.

Nikafuta.

"Na kwenye pipa la taka."

Nikamwaga na pipa.

"Safi. Sasa hata wakufunge jela, huna mgonjwa wa kumtaja."

Nilicheka. Yeye hakucheka.

Nikaanza uchambuzi, ndipo nikawaona. Mistari saba. Jibu: ana dalili za saratani. Ameambiwa: hapana.

Wanawake saba wako mahali, wanafua, wanagombana na watoto wao, wanajiona wazima wa afya. Kwa nini? Kwa sababu hakuna aliyewapigia simu.

Mbio hadi zahanati. Muuguzi mkuu, ambaye kila mtu alimwita Sista, hata hakushtuka.

"Hilo dogo, mwanangu. Nawatafuta humu ambao hawajaambiwa, namaliza." Akabofya. Akabofya tena. "Mbona wote wameambiwa?"

"Haiwezekani, Sista. Kwenye nakala yangu wapo saba."

Fundi wa kompyuta akakohoa kwenye kona yake. "Baada ya wewe kuchukua nakala, wakaguzi walikuwa wanakuja. Zile alama nyekundu zilikuwa zinatutia aibu. Tukaweka 'ndiyo' kwa wote, kwa mpigo mmoja."

"Nani alikuagiza?"

Fundi akamtazama Sista. Sista akatazama dirisha.

Unaielewa hiyo? Wao walikuwa na majina, ukweli wameufuta. Mimi nilikuwa na ukweli, majina nimeyafuta.

"Basi tuwapigie wote waliokutwa na dalili," nikasema. "Tuwaulize tu kama waliambiwa."

"Tuwaulize kama tulisahau kuwaambia wanaumwa?" Sista akashusha sauti. "Mwanangu, unataka zahanati ifungwe? Nenda kasome."

Nikarudi kwa Bwana Futa machozi yakinitoka. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Idhini uliyopewa ni ya kuchambua, si ya kutibu. Andika kwenye mapendekezo."

"Mwalimu, watakufa!"

"Andika kwenye mapendekezo. Na hilo neno 'watakufa' ulifute."

Nikaiandikia kamati ya maadili. Wakajibu kwamba malalamiko ya mwanafunzi hupitia kwa msimamizi wake.

Siku ya kuutetea mradi, jopo lilinipigia makofi. Mmoja wao akasema hajawahi kuona wagonjwa waliofichwa kwa ustadi namna ile. Nikaongoza darasa. Kwenye picha natabasamu, ila macho yangu usiyaangalie.

Nikapata kazi, maisha yakasonga. Mchana mmoja niko ofisini, simu ikaita. Bwana Futa.

"Binti, hujambo? Ule ufunguo... hukubaki na nakala?"

Nikahisi ni mtego. "Hapana, mwalimu. Nilifuta mbele yako."

"Wanafunzi mna tabia ya kuficha nakala. Kwenye flashi, kwenye barua pepe. Sitakukasirikia. Niambie tu kwamba uliiba."

"Sina, mwalimu."

Nikamsikia anavuta pumzi.

"Mama watoto amelazwa. Saratani imeshasambaa. Kumbe alipimwa pale zahanati. Mfumo unasema aliambiwa. Yeye anaapa hakuambiwa."

"Si nilikueleza waliweka 'ndiyo' kwa wote?"

"Ulinieleza. Lakini wengi waliambiwa kweli. Nimemwita mwongo, binti. Nimemwambia alinificha. Amegeukia ukutani, hataki hata kunitazama. Nitajie tu kama yumo kwenye wale saba."

Nikaufungua mradi wangu. Mistari saba, ile ile. Namba, makundi ya umri, tarehe za kubuni. Kwa umri alionitajia, watatu kati yao wangeweza kuwa yeye. Au asiwe hata mmoja.

Nilikuwa nimefanya kazi nzuri mno.

"Mwalimu, mwamini mkeo."

"Una ushahidi?"

Sikuwa nao.

Nilienda msibani. Dada wa marehemu aliniambia shemeji yake alikesha pembeni ya kitanda akiomba msamaha, na mgonjwa aliondoka akiwa bado ametazama ukuta.

Wale wengine sijui walipo. Huenda mmoja anasoma hapa sasa hivi, simu mkononi, anasubiri maji yachemke.

Dada yangu, mama yangu, kama uliwahi kupimwa mahali na hukupigiwa simu, usijiambie kwamba ungekuwa na tatizo wangekutafuta. Nenda. Simama mbele yao, taja jina lako kwa sauti, na usitoke mpaka wakupe jibu lako. Kimya chao si jibu.