Fundo la Baba Mzingani

Nilipokuwa mdogo ndege za Wareno zilinitisha, lakini si kama ule mzinga wa chuma uliolala ubavuni mwa msikiti wetu, kusini kidogo ya Palma. Wazee walisema zamani Wasakalava wa Madagaska walipokuja na majahazi yao kuteka watu, mzinga ule ulilia wenyewe, bila baruti wala mtu wa kuuwasha, na maharamia wakakimbia. Tangu hapo ukawa mlinzi wa wasafiri. Mtu akisafiri, jamaa zake huchana kipande cha nguo yake wakakifunga shingoni mwa mzinga. Akirudi, hukifungua mwenyewe. Akikifungua mwingine, msafiri amekatiwa njia, harudi tena. Mimi nilikuwa nikipita pale mbio, wallahi, sigeuki nyuma.

Vita vilipopamba moto, baba alivuka mto Ruvuma kwenda upande wa Tanzania kujiunga na wapiganaji wa uhuru. Ili sipai, yule askari mweusi wa Wareno, asitusumbue, tukatangaza kwamba amezama akivua. Tukamsomea hitima, mama akakaa eda, majirani wakatuletea unga. Yote hayo kwa mtu tuliyejua yu hai! Uongo ulikwenda vizuri, mpaka moyo ukamshinda mama. Alfajiri moja alichana shati la kaki la baba, lile la kazi ya mkongeni, akaenda kufunga kipande chake mzingani. Wanawake wa kwetu ndivyo walivyo. Angevumilia njaa, lakini si kumwacha mumewe njiani bila fundo.

Bibi mzaa baba ndiye aliyekiona kitambaa. Alirudi nyumbani akafunga mlango.

"Mama Fatu, umefanya nini? Maiti hafungiwi kitambaa!"

Mama akashika kichwa. Sipai alikuwa mtoto wa hapo hapo, mila zote anazijua. Akikiona tu, ataelewa kwamba baba yu hai na yuko wapi. Wake wa waliovuka walipelekwa kambini kwa askari, na hatukuwa tumemwona hata mmoja akirudi.

"Nakwenda kukifungua," mama akasema.

"Wewe? Mume wako asiporudi, huyu mtoto utamtazama vipi? Kaa. Nimemzaa mimi, nitamfungua mimi."

Akanishika mkono tukatoka, maana ajuza na mjukuu wake hawashukiwi. Jua la mchana lilikuwa kali, barabara tupu. Bibi aliinama juu ya fundo, vidole vinamkataa. Mara tukasikia kengele ya baiskeli. Loo! Bibi akajibwaga juu ya mzinga, akakikalia kile kitambaa.

"Shikamoo bibi. Mbona juani?" sipai akauliza.

"Marahaba, mwanangu. Miguu imeniishia. Napumzika."

Alisimama akatutazama. Nilijikojolea pale pale, mkojo ukanitiririka mpaka miguuni. Nadhani ndio uliotuokoa, kwa sababu alicheka, akasema, "Mpeleke mtoto akaoge," akaenda zake. Ndipo bibi alipoliuma fundo kwa meno mpaka likaachia. Alikuwa akilia bila sauti, nami nikajua baba yangu amekufa sasa hivi, mbele ya macho yangu.

Mama hakukamatwa. Lakini tangu siku ile bibi hakulitaja tena jina la mwanawe. Alikula mara moja tu kwa siku, akishikwa bega alishtuka. Alifariki kabla ya uhuru.

Baada ya uhuru akaja mwenzake baba waliyevuka naye, mtu wa kijiji cha Nhica. Alituambia kwamba baba alichukuliwa na maji usiku ule ule wa kuvuka. Yaani alikwisha kufa mama hajagusa hata lile shati. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamkaribisha chakula, kisha akajifunga kanga akaenda peke yake kwenye kaburi la bibi. Aliporudi alisema neno moja tu: "Nimemwambia."

Leo mzinga ule siuogopi. Kinachoniumiza ni miaka ile bibi aliyokaa nasi akijiona muuaji wa mwanawe. Hakuna aliyemwambia, "Si wewe." Tungemwambiaje? Na sisi tuliamini ni yeye.