Uso Uliosifiwa Bombani

Nilipokuwa mtoto wa darasa la tano, nikiishi na bibi pale kijijini Kisiwani, uso wangu ulinitia hofu ambayo sijaisahau. Ulianza kwa vipele vidogo kuzunguka mdomo. Vikapanda mashavuni, na baada ya wiki ngozi yote ilikuwa nyekundu, inawaka kama imepakwa pilipili.

Bibi hakuuliza chanzo. "Hiki ni kijicho," alisema.

Siku chache kabla, jirani yetu Mama Salehe alinisifu mbele ya watu bombani: "Binti huyu anazidi kung'aa!" Hakusema mashallah. Bibi aliamini mtoto akisifiwa hivyo hudhurika. Akanifukiza ubani, akanisomea dua, na akaacha kuitikia salamu za Mama Salehe, mwanamke waliyeuguziana watoto tangu kabla sijazaliwa.

Mimi nilijua kwa nini nilikuwa nang'aa. Kwa miezi miwili nilijipaka kwa siri krimu ya kujichubua ambayo shangazi aliisahau kwetu. Ilipoisha tu, vipele vikatoka. Nilinyamaza. Kila Mama Salehe alipopita ameinamisha kichwa, nilijificha ndani.

Jicho la kushoto lilipovimba hadi likafumba, bibi alinipeleka hospitali mjini Same. Daktari, mwanamke kijana, aliniinua kidevu akanitazama kwa muda.

"Unapaka nini usoni?"

"Mafuta ya nazi tu," bibi alijibu.

"Samahani bibi, naomba aseme mwenyewe."

Nikalia, nikasema yote.

Daktari akaeleza kwamba krimu ile ina dawa kali. Ngozi huizoea, na ikikosa hulipuka. Nisipake chochote, ninawe maji matupu, nimeze vidonge alivyoniandikia.

"Utazidi kuwashwa kabla ya kupona," alinionya. "Usije ukairudia."

Tuliposhuka kwenye gari Kisiwani, bibi alinishika mkono, tukaenda moja kwa moja kwa Mama Salehe.

"Nimekukosea, ndugu yangu," alisema. "Mtoto alijiumiza mwenyewe."

"Ungeniuliza tu," Mama Salehe akasema, kisha akatukaribisha ndani.

Uso ulichukua wiki nyingi kupona. Bibi aliamini kijicho hadi alipofariki, wala simcheki, alikuwa akinihofia. Lakini nikimkumbuka, hunijia kwanza akiwa kwenye ule mlango, mtu mzima, akiomba radhi kwa jambo ambalo ningelimaliza mimi kwa sentensi moja.